Dereva Aliyehongwa: Hisi, Moyo na Akili katika Mafundisho ya Kihindu

Kijana alimuuliza baba yake swali lilelile mara tatu, na mara ya tatu mzee akapandwa na hasira: "Wewe nakutoa kwa Mauti!"

Mzee alikuwa katikati ya ibada ya kugawa mali zake zote. Tatizo ni kwamba ng'ombe aliokuwa akiwatoa walikuwa wameshakunywa maji yao ya mwisho na kula majani yao ya mwisho, na chuchu zao zilikuwa zimekauka. Nachiketa, ndilo jina la kijana, aliona wazi kwamba baba anaichezea shere miungu. Ndiyo maana akauliza, "Na mimi, baba, utanitoa kwa nani?" Neno likishatoka halirudi. Nachiketa akaenda kwa Yama, mfalme wa wafu, akamkosa nyumbani, akakaa siku tatu bila kutia kitu mdomoni. Yama aliporejea akakuta mgeni amelala njaa kwake usiku mara tatu, aibu ambayo hata Mauti hawezi kuibeba. Akamfidia: omba mambo matatu, moja kwa kila usiku.

Hadithi hii imo katika Katha Upanishadi, andiko la Kisanskriti ambalo wataalamu wengi huliweka karne kadhaa kabla ya Kristo. Ombi la kwanza lilikuwa hasira ya baba itulie. La pili, afundishwe moto wa kafara unaomfikisha mtu mbinguni. La tatu ndilo lililomhangaisha Yama: mtu akifa, wako wanaosema bado yupo, wako wanaosema hayupo tena, sasa niambie ukweli ni upi. Yama akajaribu kumhonga. Omba watoto na wajukuu watakaoishi miaka mia, akamwambia, omba ng'ombe, tembo, dhahabu na farasi, omba ardhi pana, wachukue hawa mabinti pamoja na magari yao na ala zao za muziki, ila la kifo usiniulize. Nachiketa akamjibu kwamba hayo yote ni ya leo tu, na yanachakaza nguvu za hisi zote. Farasi wako baki nao, na ngoma zako, na nyimbo zako.

Hongo ya Yama tutakutana nayo tena huko mbele. Kwanza tuangalie kile ambacho Yama, baada ya kushindwa kumnunua kijana, aliamua kumfundisha.

Alimpa mfano wa gari la kukokotwa na farasi. Kwenye gari ameketi mwenye gari, naye ni atma, nafsi ya ndani kabisa. Gari lenyewe ni mwili. Dereva ni budhi. Hatamu mikononi mwa dereva ni manasi. Farasi ni indriya, yaani hisi. Barabara ambazo farasi wanazikimbilia ni vitu vya dunia: rangi, sauti, ladha, harufu, miguso. Asiye na ufahamu, ambaye hatamu zake zimelegea, hisi zake humfanyia kama farasi wakorofi wanavyomfanyia dereva. Mwenye ufahamu, hatamu zikiwa zimekazwa, hisi zake humtii kama farasi wazuri.

Sisi wengi hatujawahi kugusa hatamu. Tunalijua neno kutoka kwenye siasa, chama kushika hatamu, na ukimwuliza mtu hatamu ni nini hasa atakuambia ni madaraka. Kumbe ni zile kamba au mikanda inayotoka kwenye lijamu mdomoni mwa farasi hadi mkononi mwa anayemwendesha. Lakini neno gari lenyewe Kiswahili kimelichukua kutoka lugha za India, kwa hiyo mfano huu umetufikia pamoja na chombo chake.

Maneno matatu yanayochanganywa

Mtu akitafsiri mafundisho haya haraka haraka hujikuta anatumia neno akili kila mahali. Manasi anaiita akili, budhi anaiita akili, na mwishowe msomaji anaambiwa kwamba akili iitawale akili, akabaki anakuna kichwa. Fundo la kwanza la kulifungua ndilo hili.

Indriya ni kumi, si tano tu tulizozoea kufundishwa shuleni. Tano ni za kupokea: sikio, ngozi, jicho, ulimi na pua. Tano ni za kutenda: kauli, mikono, miguu, na viungo viwili vya chini, cha kutolea uchafu na cha uzazi. Neno lenyewe linahusishwa na Indra, mfalme wa miungu katika Veda, maandiko ya kale zaidi ya Kihindu, na maana yake ya asili inakaribia "nguvu". Kwa hiyo hisi hazianzi kama uchafu. Zinaanza kama nguvu za kifalme.

Manasi ni ile sehemu ya ndani inayopokea taarifa za hisi, kuziunganisha, kisha kuanza kutaka na kusita. Budhi ni ile inayopambanua na kukata shauri. Tofauti ya hizi mbili Kiswahili cha mtaani kinaijua vizuri kuliko kamusi. Tunasema "moyo unataka lakini akili inakataa". Tunasema moyo umesita, moyo haujatulia, moyo umependa. Huo moyo wa mazungumzo yetu ndio ulio karibu na manasi. Na tunapomwambia mtu "tumia akili", tunaiita budhi. Ulinganisho huu si kamili, maana maandiko ya Kihindu yana neno lingine kwa moyo wa kifuani, lakini unasaidia kuliko kuziita zote akili.

Kuna mawili mengine yanayoongezwa kwenye orodha. Ahankara ni kile kinachobandika "mimi" na "yangu" juu ya kila kitu. Chita, katika hesabu ya Vedanta, falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi kama hii ya Katha, ni ghala la kumbukumbu na alama zilizoachwa na mambo tuliyokwisha kutenda. Shule ya falsafa iitwayo Sankhya huhesabu vyombo vitatu vya ndani: budhi, ahankara na manasi. Walimu wa Vedanta kwa kawaida huhesabu vinne. Usihangaike sana na hesabu. Wanagawa nyumba ileile vyumba tofauti. Sankhya ina picha nzuri hapo: hisi kumi ni milango, na vile vyombo vitatu vya ndani ndio mabawabu.

Ili isibaki nadharia, nieleze jioni moja ya hivi karibuni. Natoka kazini kwa miguu, na kwenye kona kuna mama anakaanga vitumbua. Daktari alishaniambia nipunguze sukari. Harufu ya iliki ikanifikia kabla sijamwona mama mwenyewe. Pua imefanya kazi yake, haina kosa. Halafu macho: chuma cha vitumbua, mafuta yanachemka pembeni mwa kila shimo, mama anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti, upande wa juu mweupe, upande wa chini umeshakuwa kahawia. Manasi ikakusanya iliki, mlio wa mafuta na ile rangi, ikavifunga kuwa kitu kimoja chenye jina: vitumbua. Kisha ikaanza: nichukue, nisichukue, viwili tu, ah, achana navyo, basi kimoja. Ahankara ikadakia: vitumbua ndio ugonjwa wangu tangu utotoni. Chita ikafungua ghala na kunitolea jiko la bibi, asubuhi, moshi wa vifuu. Yote haya kabla sijamaliza hatua tano.

Budhi ilisema nini, nitaeleza baadaye kidogo.

Hakuna anayechinja farasi

Mtu wa nje akisikia "kutawala hisi" humjia taswira ya mzee aliyekondeana, amejipaka majivu, anaulaza mwili kwenye misumari. Watawa wa kujinyima wapo na wana heshima yao. Lakini ukirudi kwenye mfano wa Yama utaona jambo rahisi: gari lisilo na farasi haliendi popote. Katha inazungumzia farasi wakorofi na farasi wazuri. Farasi wafu haiwataji kabisa. Hata neno yoga linatoka kwenye mzizi wenye maana ya kufunga nira, kumfunga mnyama kwenye chombo ili avute. Ni neno la mtu anayejiandaa kwa safari.

Bhagavad Gita inalieleza hili kwa ukali zaidi. Gita ni sura 18, beti zipatazo 700, ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Mahali ni uwanja wa vita wa Kurukshetra. Arjuna, mpiga upinde hodari, anawaona ndugu na walimu wake upande wa pili, upinde unamponyoka, anakaa chini garini. Dereva wake ni Krishna. Angalia hapo: mfano wa Yama umegeuka kuwa gari halisi, na kwenye kiti cha dereva ameketi Mungu mwenyewe, ambaye moja ya majina yake ni Hrishikesha, linalofasiriwa na mapokeo kuwa "bwana wa hisi". Mashairi yanajua yanachofanya.

Katika sura ya tatu Krishna anasema kwamba mtu anayezuia viungo vyake visitende, huku ameketi anaviwaza vitu vya hisi moyoni, amejidanganya na ni mnafiki. Katika sura ya 17 anawakemea wanaoutesa mwili kwa mateso makali ambayo andiko halikuyaagiza, wakisukumwa na majivuno. Katika sura ya sita anasema yoga si ya mlafi wala si ya anayejinyima chakula kabisa, si ya anayelala mno wala si ya anayekesha mno. Na katika sura ya saba anatamka neno ambalo wahubiri wengi wa kujinyima hulipita haraka: katika viumbe, mimi ni ile tamaa isiyopingana na dharma, yaani wema na wajibu. Kumbuka pia kwamba kama, yaani raha na mapenzi, ni moja ya malengo manne ya maisha ya mwanadamu katika mapokeo ya Kihindu, pamoja na wema, mali na ukombozi.

Basi kutawala ni kufanya nini hasa? Katika sura ya pili Gita inatoa picha ya kobe anayevuta viungo vyake ndani ya gamba. Watu huiona picha hiyo kama kujificha, lakini kobe hakati miguu yake. Ana uwezo wa kuitoa na kuirudisha atakavyo, na hapo ndipo penye ubwana. Mara tu baada ya kobe unakuja ubeti ninaouona kuwa wa kweli kupita yote katika sura hiyo: anayejinyima chakula, vitu vinamwondokea, ila ladha yake inabaki, nayo ladha huondoka pale tu anapokiona kilicho juu zaidi.

Yeyote aliyewahi kufunga anaujua ubeti huo bila kuusoma. Katika nyumba za Wagujarati wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, wengi hufunga siku ya ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo. Nafaka na jamii ya kunde haviliwi. Matunda, maziwa, viazi na sabudana, zile chembe nyeupe za wanga wa muhogo, vinaruhusiwa. Walimu wengi huifasiri namba yenyewe: hisi ni kumi, na manasi ni ya 11. Siku moja ya kuwarudisha wote 11 zizini. Lakini viazi vinaruhusiwa, na kiazi kina njia nyingi za kukaangwa, kwa hiyo wafungaji wenyewe hutaniana kwamba siku ya kufunga ndiyo siku ya kula vizuri. Sisi tunaofuturu kwenye meza isiyobaki hata nafasi ya kuweka glasi hatuna pa kuwachekea. Kitu kimeondoka, ladha imebaki.

Ngazi ya kushukia

Sehemu ambayo Gita inaonyesha ufundi wake mkubwa ni beti mbili za mwisho-mwisho wa sura ya pili, ya 62 na ya 63. Kwa maneno yangu zinasema hivi: mtu akiviwaza vitu, huzaliwa ndani yake kuvishikilia, kwenye kushikilia huzaliwa tamaa, kwenye tamaa huzaliwa hasira, kwenye hasira, kuchanganyikiwa, kwenye kuchanganyikiwa, kupotewa na kumbukumbu, kumbukumbu ikipotea, budhi huharibika, budhi ikiharibika, mtu ameangamia.

Neno lililotumika kwa "kuviwaza" ni lilelile la mzizi wa dhyana, tafakuri ya mtawa aliyekunja miguu. Yaani kila mtu tayari ni bingwa wa tafakuri. Anayeitazama picha ya simu mpya mara 20 kwa siku anafanya tafakuri safi kabisa, bila mwalimu na bila kuchoka. Kilichobaki kujadiliwa ni anatafakari nini.

Nilimshuhudia mwenzangu mmoja akizishuka ngazi hizo zote. Kuna nafasi ya juu ilikuwa inakuja kazini. Kwa miezi aliiwaza. Alishajua meza itakaa upande gani na pazia litakuwa rangi gani. Huko ni kuwaza kukizaa kushikilia, maana nafasi ambayo hajapewa ilikwishakuwa "yangu". Akapewa mwingine. Tamaa iliyozibiwa njia huitwa hasira, ndiyo maana Gita inaziweka jirani, na mahali pengine inazitaja kama adui mmoja mwenye majina mawili. Usiku wa tangazo aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la ofisi. Mkizi huruka kwa hasira akaangukia ndani ya ngalawa ya mvuvi. Alichosahau usiku ule ni kwamba bosi aliyemtukana ndiye aliyezungusha daftari la michango mama yake alipolazwa. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu asiye na shukrani. Kumbukumbu ilikuwa imetoka chumbani kwa muda, na bila kumbukumbu budhi haina cha kupimia. Dereva asiyekumbuka njia ni abiria mwingine tu.

Gandhi, ambaye aliisoma Gita kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi London mwishoni mwa miaka ya 1880, aliandika kwamba beti hizi mbili ndizo zilizomgusa sana. Baadaye beti 19 za mwisho za sura hiyo, zinazomweleza mtu aliyetulia katika hekima, zikawa sehemu ya sala katika jumuiya zake. Yeye mwenyewe aliweka nadhiri ya useja mwaka 1906 huko Afrika Kusini, akiwa na mke na watoto, na alivyoitafsiri nadhiri hiyo katika uzee wake bado kunabishaniwa hadi leo. Binafsi naona alikaza hatamu kuliko Gita yenyewe inavyodai. Lakini yeye alijaribu kwa mwili wake, mimi naandika makala.

Anayeandika kibali

Sasa turudi kwenye vitumbua. Budhi yangu ilisema: leo umetembea sana, hiyo sukari imeshaungua. Nikanunua vinne.

Nilipokuwa natafuta mkosaji, kwanza nililaumu pua, halafu moyo. Lakini pua ilileta taarifa tu, na moyo ulikuwa bado unasitasita. Aliyesaini kibali ni dereva. Tena alikisaini kwa lugha yake ya kidereva, kwa hoja, kwa kitu kilichofanana na sayansi.

Hapa ndipo mafundisho haya yanapoachana na mahubiri ya kawaida ya "akili ishinde tamaa". Arjuna anauliza katika sura ya tatu: ni nini kinachomsukuma mtu atende uovu hata asipotaka, kana kwamba analazimishwa? Krishna anajibu kuwa ni tamaa, ni hasira, na kwamba inafunika maarifa kama moshi unavyofunika moto, kama vumbi linavyofunika kioo, kama tumbo la uzazi linavyofunika mimba. Kisha anataja inapokaa. Inakaa katika hisi, katika manasi, na katika budhi. Imekwishafika kwenye kiti cha mbele. Yama alipomwekea Nachiketa tembo na dhahabu, alikuwa anamjaribu dereva, kwa sababu anajua farasi hawapokei rushwa. Farasi wana njaa tu. Rushwa inahitaji mtu anayefahamu sheria na yuko tayari kuipinda.

Ndiyo maana sura ya 18 inazigawa budhi kwa aina tatu. Ya kwanza inajua la kufanya na la kuacha, la kuogopa na lisilo la kuogopa. Ya pili inavijua vitu hivyo kombo, nusu nusu. Ya tatu imefunikwa na giza kiasi kwamba baya inaliona ndilo jema, na kila kitu imekigeuza kichwa chini miguu juu. Anayesumbuka na budhi ya tatu hajioni ana tatizo. Ana hoja kwa kila kitu, na hoja zake ni nzuri. Waswahili tunasema akili nyingi huondoa maarifa. Nadhani tulikuwa tunamzungumzia huyu.

Kama dereva anahongeka, nani amsimamie? Hapo Sankhya na Yoga zinatoa jibu linalowashangaza wengi: budhi si wewe. Katika Sankhya, budhi, ahankara na manasi vyote ni mazao ya prakriti, maumbile, yaleyale yaliyozaa jiwe na maji, ila budhi ni laini na safi zaidi. Mjuaji ni purusha, shahidi anayetazama tu. Fikra yako kali kuliko zote, ile unayojivunia, ni kitu kinachoonekana na mwingine aliye nyuma yake. Katha inapanga ngazi yake hivi: juu ya hisi kuna vitu vyake, juu ya vitu kuna manasi, juu ya manasi kuna budhi, juu ya budhi kuna nafsi kuu, juu yake kuna kisichodhihirika, na juu ya hicho kuna purusha, juu ya purusha hakuna kitu. Gita inafupisha: juu ya budhi yuko yeye. Kisha inamwambia Arjuna amjue huyo aliye juu ya budhi, ndipo aweze kumwua adui aitwaye tamaa. Mwenye gari akisinzia, dereva anafanya biashara zake. Akifungua macho tu, hata kabla hajasema neno, uendeshaji unabadilika.

Ugumu ni kwamba mwenye gari hatazamiki kwa urahisi. Katha inasema Muumba alitoboa matundu ya mwili yakielekea nje, ndiyo maana mtu hutazama nje na si ndani, mpaka atokee mmoja mwenye busara ageuze macho yake. Methali yetu inasema macho hayana pazia. Katha ingekubali, halafu ingeongeza kwamba wala hayana mlango wa nyuma.

Mazoezi

Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika Sutra za Yoga, aliiweka kazi hii katika hatua nane. Hatua ya tano, pratyahara, ni kuzirudisha hisi kutoka kwenye malisho yake. Mfafanuzi wake wa kale, anayejulikana kwa jina la Vyasa, anatoa mfano wa nyuki: mfalme wa nyuki akiruka, nao wanaruka, akitua, nao wanatua. Vivyo hivyo chita ikitulia, hisi hutulia zenyewe, hazihitaji kukamatwa moja moja. Leo tunajua mfalme yule ni malkia, lakini mfano haudhuriki. Unachofundisha ni kwamba kuzifukuza hisi moja moja ni kazi ya kukimbiza kuku wa jirani.

Wafuasi wa njia ya bhakti, ibada ya mapenzi, wana ujanja mwingine. Hisi haziachwi bila kazi. Ulimi unapewa chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu, sikio linapewa nyimbo za sifa, pua inapewa ubani na maua, miguu inapelekwa hekaluni. Ukiingia hekalu la Kihindu wakati wa ibada ya jioni, kengele zinalia, taa za samli zinazungushwa, utaona kwamba hakuna hisi iliyofukuzwa mlangoni. Hapa ubeti wa ladha unafanyiwa kazi kwa vitendo: haipingwi, inapewa kilicho kitamu zaidi.

Arjuna mwenyewe hakushawishika haraka. Katika sura ya sita anamlalamikia Krishna: manasi hii haitulii, ina fujo, ina nguvu, ni kaidi, kuizuia naona ni kugumu kama kuuzuia upepo. Napenda kwamba Krishna hambishii. Anakubali kuwa ni ngumu, kisha anataja vitu viwili: abhyasa, kurudia rudia, na vairagya, kutoshikilia. Patanjali anazitaja hizohizo mbili, na anaongeza kwamba mazoezi hushika mizizi yakiwa ya muda mrefu, yasiyokatizwa, na ya kujitoa. Kila manasi inapotoroka, inarudishwa. Gita haihesabu imetoroka mara ngapi.

Halafu Arjuna anauliza swali la mtu aliyekwishajua atashindwa. Vipi kuhusu yule mwenye imani aliyeanza, akakosa juhudi, moyo ukamtoka njiani kabla hajafika? Si atakuwa amekosa huku na huku, kama wingu lililopasuka, lisilo na mahali pa kutua? Krishna anamwita "mwanangu", neno ambalo halitumii kwake kila mara, na kumwambia kwamba atendaye mema hafikii mwisho mbaya. Mtu huyo huzaliwa tena katika nyumba ya watu wema, au, kwa nadra, katika ukoo wa wenye hekima, na huko hupata tena budhi aliyokuwa nayo katika mwili wa zamani, akaendelea pale alipoachia.